Maswali ya Wasomaji: Injini ya Mvuke ya Reli ya Mita, Kutoka Boksi la Dukani Hadi Rangi ya Damu ya Mzee

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: vipi modeli ya injini ya mvuke iliyotoka kiwandani igeuzwe kuwa injini ya reli yetu ya mita moja, ile ambayo siku hizi huitwa MGR ili isichanganywe na SGR. Barua tumezifupisha. Majibu hatukuyafupisha sana.

SWALI: Nataka kuanza modeli za reli ya Afrika Mashariki, lakini kila duka la mtandaoni lina skeli zake. Ipi inafaa reli ya mita moja bila kunifilisi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Hesabu ni rahisi. Gawanya milimita 1000 kwa skeli, upate upana ambao reli ya modeli ingepaswa kuwa nao, kisha uangalie reli iliyopo sokoni imekosea kiasi gani.

Kwenye 1:87 unapata mm 11.5. Reli inayouzwa ni ya mm 12, nayo huitwa H0m (H0 ni jina la skeli ya 1:87, m ni ya mita). Kosa ni nusu milimita, na hakuna jicho litakaloliona. Kwenye 1:22.5 unapata mm 44.4 na reli iliyopo ni ya mm 45. Hiyo ni karibu kamili, ila ni modeli ya bustanini. Injini za Garratt (zenye bwela moja katikati ya seti mbili za magurudumu) za klasi 59 za EAR, yaani Reli za Afrika Mashariki, zilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7, kwenye 1:22.5 hiyo ni mita 1.4 ya modeli, tena kabla hujafunga behewa hata moja. Kwenye 1:87 Garratt hiyohiyo ina sentimita 36 na nusu.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunayompendekezea mtu anayependa kukata na kubandika: skeli ya 1:64 juu ya reli ya kawaida ya H0, yaani mm 16.5. Upana sahihi ungekuwa mm 15.6, kwa hiyo reli imezidi kwa mm 0.9. Ukiitazama injini kwa mbele utaona imetanua miguu kidogo; kwa ubavu huoni kitu. Faida yake ni kubwa: mota, gia, magurudumu, reli na swichi za H0 zimejaa sokoni, mpya na zilizotumika, na bei yake ni nafuu kuliko chochote cha H0m.

Kwa hiyo, kama unataka kununua na kuendesha, chukua H0m. Kama raha yako ni kujenga, chukua 1:64. Usichanganye skeli mbili kwenye meza moja kwa kuwa tu uliona behewa la bei rahisi. Mlango wa mita 1.8 una mm 28 kwenye 1:64 na mm 21 kwenye 1:87, na tofauti hiyo inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina Mikado ya H0 ya Kimarekani, 2-8-2 (magurudumu mawili madogo mbele, manane ya kuendeshea, mawili madogo nyuma), muundo wa USRA, shirika la serikali ya Marekani lililosimamia reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimesikia inaweza kugeuzwa kuwa klasi 29 ya EAR. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Na nianzie wapi? – Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam. Ni kweli, na sababu yake iko kwenye magurudumu. Mikado za USRA za 1918 zilikuwa na magurudumu ya kuendeshea ya inchi 63, yaani mm 1600. Kwenye H0 hayo yanakuwa na kipenyo cha mm 18.4. Klasi 29, zilizojengwa na North British huko Glasgow kuanzia 1951 na kupewa namba 2901 hadi 2931, zilikuwa na magurudumu ya futi 4, mm 1219. Kwenye 1:64 hayo ni mm 19. Tofauti ni mm 0.6. Mpangilio wa magurudumu ni uleule wa 2-8-2. Chini ya ubao wa kutembelea, ule unaopita ubavuni mwa bwela, basi, kazi ni ndogo. Juu ya ubao huo ndiko kuna kazi.

Kabla ya kushika kisu, chagua namba moja na picha zake. Hili tunalisisitiza kwa sababu modeli nyingi huharibikia hapa: mtu anachukua dohani ya injini hii, taa ya ile na tenda (behewa la mafuta na maji) ya nyingine, halafu anashangaa kwa nini kitu hakikai sawa. Injini za EAR zilibadilishwa kila zilipoingia karakana. Badiliko linaloonekana zaidi ni ejekta ya Giesl, kifaa cha kuvuta moshi kupitia dohani, ambayo iliwekwa kwenye injini nyingi za EAR. Kwenye mfumo huo mvuke hutokea kwenye matundu yaliyopangwa kwa mstari mmoja, kwa hiyo dohani inakuwa ndefu kwa ubavu na nyembamba kwa mbele. Dohani ya duara na dohani ya Giesl ni vipindi viwili tofauti vya maisha ya injini ileile. Ukifika Nairobi, makumbusho ya reli yanayo klasi 29 namba 2921, pamoja na Garratt za klasi 59 namba 5918 na 5930. Piga picha kwa ubavu ukiwa mbali, lensi isipinde mistari, na usimamishe kando ya injini kijiti cha mita moja kilichochorwa kila sentimita kumi. Kijiti hicho kitakupa vipimo ambavyo hukukumbuka kuchukua.

Sasa kazi yenyewe. Vua mwili, toa mota na taa, kisha uchunguze bwela limetengenezwa kwa nini. Mikado nyingi zina bwela la zinki ya kumimina, nyingine la plastiki lenye kipande cha uzito ndani. Zinki hukatwa kwa msumeno wa sonara na tupa. Ukiitoboa, weka tone la mafuta ya taa kwenye ncha ya drili na uende polepole, kwa sababu zinki hung'ang'ania ncha na kuivunja. Plastiki yenye uzito ndani itakudanganya: unatoboa vizuri milimita mbili, kisha ncha inagonga chuma na kuteleza. Toa uzito kwanza.

Kwangua mabomba, ngazi na kengele zote za Kimarekani kwa bapa la patasi ndogo. Injini zetu hazikuwa na kengele juu ya bwela. Ziba makovu kwa epoksi ya kukanda, ya sehemu mbili, wala si ya kukauka kwa hewa, kwani ile ya hewa hunywea baada ya wiki na kovu linarudi chini ya rangi. Piga msasa wa 400, kisha 600, kisha 1000 kwa maji.

Kibanda cha dereva kitupe. Upana wa kibanda cha H0 ni karibu mm 35. Kwenye 1:64 hiyo ni mita 2.2, injini itaonekana imebanwa kifuani. Jenga kipya kwa karatasi ya plastiki ya mm 0.5, kwa upana unaotoka kwenye picha zako, na uongeze ukingo wa ubao wa kutembelea ulingane nacho. Kata kuta mbili za ubavu zikiwa zimeshikanishwa, ili madirisha yalingane. Paa lifanye la kuvuliwa. Utalihitaji siku ya kumweka dereva na siku ya kurekebisha waya.

Dohani ya Giesl haina haja ya mashine. Bandika vipande vitatu vya plastiki ya mm 1 kama mkate wa tabaka, acha gundi ikauke usiku mzima, kisha zungusha kingo kwa tupa na msasa mpaka ipate umbo la yai refu. Chimba juu yake mfereji wa kina cha mm 2 na uupake rangi nyeusi isiyong'aa. Kwa mbali huwezi kuitofautisha na iliyotengenezwa kwa shaba.

Mikanda ya bwela ni tepu ya alumini iliyokatwa upana wa mm 1. Kata kwa wembe mpya juu ya kioo. Wembe butu unakunja ukingo, na ukingo uliokunjwa unashika rangi na kuvimba.

Jozi ya magurudumu madogo ya mbele na ya nyuma iache ilivyo. Utashawishika kuyabadilisha, lakini yakipata hata nusu milimita ya ziada yatagusa silinda kwenye kona.

SWALI: Vyuma vya kushikia vilivyochorwa kwenye bwela vinanikera. Nikiweka waya, matundu yanaenda upande na gundi inachafua plastiki kwa weupe. Nakosea wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwanza unene. Chuma halisi cha kushikia kina kipenyo cha kama mm 32. Hiyo ni mm 0.5 kwenye 1:64 na mm 0.37 kwenye 1:87. Watu wengi hutumia waya wa mm 0.8 kwa kuwa haupindi kirahisi, na matokeo yake bwela linaonekana limefungwa mabomba ya maji. Tumia waya wa shaba ya manjano wa mm 0.5, au mm 0.35 hadi 0.4 kwa H0m. Waya wa shaba nyekundu uliotoka kwenye kebo ni laini mno. Ukiugusa mara moja tu umepinda.

Matundu yanahama kwa sababu ncha ya drili inaanza kazi juu ya mviringo. Bandika tepu ya kuzibia rangi mahali pa mstari, chora mstari wenyewe kwa penseli na rula ya chuma, kisha weka alama za matundu kwa umbali sawa. Kila alama ichomwe kwa sindano ngumu mpaka ibonyee. Ndipo uzungushe drili ya mkono kwa vidole, ncha ya mm 0.1 zaidi ya waya, bila kusukuma. Drili ya umeme huyeyusha plastiki na kuacha tundu lenye midomo.

Ili waya usimame umbali uleule kutoka kwenye bwela, chomeka chini yake kipande cha kadi au plastiki ya unene unaotaka, mm 1 kwa mfano, mpaka gundi ishike. Kipande kimoja hichohicho kitumike toka mwanzo hadi mwisho.

Ule weupe ni mvuke wa supagluu. Unapokauka ndani ya nafasi iliyofungwa huganda juu ya plastiki na kioo. Weka gundi kidogo kwa ncha ya sindano kutoka upande wa ndani wa bwela, na uache injini wazi mbele ya feni iendayo polepole. Vioo vya taa na madirisha usivibandike kwa supagluu kamwe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, nayo hukauka ikawa angavu.

Kwenye bwela la shaba, lehemu. Pasi ya wati 40 au zaidi yenye ncha pana ni bora kuliko pasi ndogo, kwa sababu bwela hunywa joto: pasi ndogo utaishikilia muda mrefu mpaka kile ulicholehemu jana kianguke. Sehemu zilizokwisha kulehemiwa zifunike kwa pamba iliyolowa maji. Fluksi ya asidi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, ioshwe siku hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, la sivyo kutu ya kijani itachomoza chini ya rangi baada ya miezi.

SWALI: Baada ya kuongeza mabomba, pampu na ngazi, injini yangu inasimama kwenye kila kona na wakati mwingine kontrola, kile kifaa cha kuendeshea treni, inakata umeme. Kabla ya hapo ilikwenda vizuri. – Msomaji, Leicester

JIBU: Una matatizo mawili, na huenda ukadhani ni moja.

Kontrola ikikata, hiyo ni shoti. Bomba la shaba au kiatu cha breki kinagusa gurudumu la upande ambao haukupaswa kuguswa. Zima taa za chumba, endesha polepole kwenye kona, uangalie cheche iko wapi. Kama huioni, chukua mita, uiweke kwenye mlio, ncha moja kwenye gurudumu na nyingine kwenye mwili, kisha sukuma magurudumu kushoto na kulia kwa kidole mpaka ilie. Dawa ni kupinda bomba au kulipaka tabaka mbili za vanishi. Rangi pekee haitoshi, maana msuguano unaila. Angalia pia fimbo inayofunga tenda na injini. Hapo ndipo shoti hujificha mara nyingi, na hujitokeza kona inapokuwa kali tu.

Injini ikisimama bila kontrola kukata, ni uzito. Ulichoongeza mbele kimehamisha kitovu cha mizani. Weka injini juu ya penseli iliyolala: inapaswa kusimama sawa penseli ikiwa katikati ya magurudumu manane ya kuendeshea. Ikiinama mbele, magurudumu ya nyuma yananyanyuka, hayapokei umeme wala hayavuti. Ongeza risasi nyuma, chini ya sakafu ya kibanda. Injini huvuta takriban robo ya uzito uliokaa juu ya magurudumu yanayoendeshwa, si uzito wote, kwa hiyo gramu 20 mahali pazuri zinashinda gramu 60 popote pale.

Onyo moja kuhusu risasi: usiimimine kwa chembe na gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hutoa asidi ya siki kidogokidogo, risasi inageuka unga mweupe, inavimba na kupasua mwili wa modeli. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua mitano. Tumia epoksi.

Na kwa kuwa tenda ina magurudumu mengi, yafanye nayo yapokee umeme: vipande vya waya wa fosforasi-shaba wa mm 0.3 vinavyogusa mgongo wa gurudumu kwa wepesi. Vikibana sana vinakuwa breki.

SWALI: Naishi Tanga. Nikipuliza vanishi isiyong'aa, rangi inageuka ukungu mweupe. Na herufi za stika za maji zinaonyesha karatasi yake. Nimebadilisha chapa za rangi bila mafanikio. – Msomaji, Tanga

JIBU: Chapa haina kosa. Ukungu ule ni unyevu wa hewa ya pwani. Kimiminika cha vanishi kinapokauka haraka kinapoza uso wa modeli, mvuke wa maji ulio hewani unaganda juu yake na kunaswa ndani ya tabaka. Puliza saa ambayo hewa ni kavu kuliko zote, kwa kawaida mchana wa kaskazi, wala si asubuhi yenye umande au jioni baada ya mvua. Pasha mwili wa modeli kwanza chini ya taa ya mezani mpaka uwe na uvuguvugu mkononi. Kichujio cha kunasa maji kwenye bomba la kompresa ni lazima kwako, hata kama muuzaji anasema si lazima. Iliyokwisha kupata ukungu mara nyingi hupona kwa kupuliza tabaka nyembamba ya vanishi ing'aayo, iliyozimuliwa kwa tina ikaukayo polepole.

Kwa mpangilio wote: osha modeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usiiguse tena kwa vidole vitupu. Shaba ipate praima inayouma chuma; ya kawaida itabanduka kwenye kingo. Rangi ya akriliki izimuliwe mpaka iwe nyepesi kama maziwa, presha kati ya baa 1 na 1.4, umbali wa sentimita 10 hadi 15, tabaka tatu nyembamba. Uso ukitoka na vipele, ama uko mbali mno na rangi inakauka njiani, ama rangi ni nzito.

Kwa injini za EAR rangi ni damu ya mzee. Usiichukue nyeusi ilivyo kwenye picha za zamani zilizochapishwa vibaya, lakini ipauke kidogo kuliko ile ya kopo, kwa sababu rangi kwenye kitu kidogo huonekana imekolea zaidi. Tone moja la rangi ya krimu kwa kila matone kumi na tano linatosha. Usitumie nyeupe, itakupa waridi.

Sasa stika. Kinachoonekana pembeni mwa herufi ni hewa iliyonaswa kati ya stika na rangi iliyokwaruza. Stika haibandikwi juu ya rangi isiyong'aa. Puliza vanishi ing'aayo, subiri saa 24, kata stika karibu na herufi, iloweke sekunde 20 hadi 30, iteleze mahali pake, kisha paka dawa ya kulainisha stika. Itajikunja kama imeharibika. Usiiguse, itajinyoosha yenyewe. Viputo vitobolewe kwa sindano na kupakwa dawa tena. Vanishi isiyong'aa inakuja mwisho kabisa.

Printa za nyumbani hazichapi nyeupe wala dhahabu. Kwa bamba za namba na jina, agiza za shaba iliyochorwa kwa asidi. Ipake bamba yote rangi ya usuli, acha ikauke, kisha sugua juu kwa msasa wa 1500 uliobandikwa kwenye kijiti bapa: herufi zinabaki zinang'aa, usuli unabaki na rangi.

SWALI: Nataka taa kubwa ya mbele iwake, lakini nimeshaunguza LED tatu. – Msomaji, Kampala

JIBU: Huna rezista, au ni ndogo mno. Kwenye mfumo wa dijitali chukulia volti 14. LED nyeupe hutumia kama volti 3, zinabaki 11. Rezista ya oomu 1000 inapitisha miliampia 11: haiunguzi kitu, lakini mwanga utapenya hadi kwenye mishono ya bwela. Ya oomu 4700 inapitisha miliampia 2.3, na hiyo ndiyo inayofanana na taa ya treni. Robo wati inatosha. Chagua LED ya mwanga wa manjano, ile yenye ubluu ni ya pikipiki. Paka ndani ya nyumba ya taa rangi nyeusi, kisha fedha juu yake.

SWALI: Nikiongeza sauti, spika inasikika kama redio ya betri zilizoisha. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Spika haiko ndani ya kiboksi kilichozibwa. Sauti ya mbele na ya nyuma yake zinafutana. Ijengee kiboksi cha plastiki ya mm 1 ndani ya tenda, ziba kila mshono, hata tundu la waya. Hakikisha pia oomu za spika zinalingana na kile dikoda, kifaa cha dijitali kilicho ndani ya injini, inachoruhusu.

SWALI: Je, vumbi la Tsavo linapakwaje? Na makaa ya mawe niweke mengi kiasi gani kwenye tenda? – Msomaji, Voi

JIBU: Makaa usiweke hata kipande. Klasi 29 na klasi 59 zilichoma mafuta mazito. Juu ya tenda kunahitajika tangi lenye mfuniko, na kuzunguka mfuniko michirizi michache ya mafuta: nyeusi iliyochanganywa na kahawia kidogo, iliyong'arishwa kwa vanishi. Ndiyo sehemu pekee ya injini inayostahili kung'aa baada ya vanishi ya mwisho.

Vumbi jekundu linakaa chini, kwenye magurudumu, ngazi na fremu za magurudumu, likififia kadiri unavyopanda; likifika kwenye paa la kibanda umezidisha. Tumia unga wa rangi, nusu nyekundu ya udongo na nusu kahawia ya mchanga, kwa brashi laini. Vanishi hufifisha unga, kwa hiyo paka mara mbili ya unavyotaka au usipulize kitu juu yake kabisa, kisha uishike injini kwa bwela. Michirizi myeupe ya chokaa iweke chini ya valvu za usalama na plagi za kuoshea bwela tu, kwa penseli nyeupe iliyochongwa, ukivuta kutoka juu kwenda chini. Masizi yakae nyuma ya dohani, si mbele yake.